Kona ya Dada: Funga Njia ya Tatu

"Shikamoo dada. Nimefunga antena ya daipoli ya mita 40 juu ya paa letu, nikaipima, ikakubali. Lakini kila nikirusha, spika za televisheni ya baba zinakoroma, kompyuta yangu inakwama katikati ya mawasiliano ya kidijitali ya FT8, na juzi kipaza sauti cha chuma kimenichoma mdomo. Baba amesema akiisikia tena ile sauti, antena inashuka. Fundi mmoja wa redio ameniambia nitengeneze choki ya koaksi, halafu akaondoka bila kunieleza. Ni kitu gani, na naweza kukitengeneza mwenyewe? Msomaji wako, Morogoro."

Marahaba mdogo wangu, na pole na mdomo. Kwanza mpe baba haki yake. Malalamiko yake ndiyo kipimo cha kwanza cha antena yako, na hakikukugharimu hata shilingi. Televisheni inayokoroma, kompyuta inayokwama na chuma kinachouma mdomoni mara nyingi ni dalili za ugonjwa mmoja: umeme wa redio uliopaswa kubaki juu kwenye antena umeshuka kwa upande wa nje wa kebo, ukaingia chumbani kukaa na wewe.

Choki inatibu hilo, na ndiyo, unaweza kuitengeneza kwa mikono yako mwenyewe. (Mafundi wa taa msinikatize, sisemi ile choki ya tyubulaiti.) Ila nawajua wadogo zangu. Mkisikia "dawa" mnameza kabla ya kujua mnaumwa nini. Kwa hiyo leo tutaanza na ugonjwa, tuje kwenye vipimo, halafu ndipo tushike bomba na kebo.

Kebo moja, njia tatu

Chukua kipande cha koaksi ukikate. Utaona waya wa kati, plastiki inayouzunguka, wavu wa shaba, kisha ganda jeusi. Kwa macho hizo ni njia mbili za umeme: waya wa kati na wavu. Kwa redio ni tatu. Umeme wa masafa haya haupiti ndani ya chuma, unatambaa usoni tu. Kwenye shaba, kwa megahazi 7, kina chake ni kama milimita 0.025. Kwa hiyo uso wa ndani wa wavu na uso wake wa nje ni njia mbili zisizojuana, ingawa shaba ni ileile.

Mkondo wa waya wa kati na ule wa uso wa ndani wa wavu hulingana kwa ukubwa na huenda pande zilizo kinyume. Nguvu zao za nje zinafutana, hakuna kinachovuja. Ndiyo maana kebo nzima inaweza kupita ukutani, chini ya kitanda na nyuma ya kabati la mama bila mtu kujua.

Tatizo linaanzia juu, pale kebo inapoungana na daipoli. Waya wa kati umeshika mkono mmoja wa antena, wavu umeshika mkono wa pili. Mkondo unaopanda kwa uso wa ndani wa wavu unafika ukingoni na kukuta njia panda: uendelee kwenye mkono wa antena, au ugeuke pale ukingoni na kushuka tena kwa uso wa nje mpaka kwenye redio yako. Kama hakuna kilichouzuia, unagawanyika. Ni kama maji ya mvua kwenye bomba la kushushia lenye mdomo mbovu: mengine yanapita ndani kama ulivyopanga, mengine yanatambaa nje ya bomba na kuulowesha ukuta.

Mkondo huo unaotambaa nje unaigeuza kebo yako kuwa mkono wa tatu wa antena, na mwisho wa mkono huo uko mezani kwako. Unaporusha, mkono huo unarusha nao, palepale karibu na nyaya za televisheni na waya wa USB. Unaposikiliza, mambo yanageuka. Kelele za taa za LED, chaja za simu na inveta ya sola zinapanda kwa uso wa nje wa kebo, zinafika juu, zinavuka ukingo na kurudi kwa ndani kama vile ni sauti za watu wa mbali. Wengi hutengeneza choki kwa ajili ya malalamiko ya nyumbani, kisha wanagundua faida kubwa iko kwenye kusikia.

Choki haifanyi muujiza. Ni kipande cha kebo kilichozungushwa ili uso wa nje wa wavu uwe na ukinzani mkubwa kwa umeme wa redio. Mkondo wa ndani hauguswi, kwa sababu ile mikondo miwili iliyo kinyume inafutana na haioni kwamba kebo imezungushwa. Anayezuiwa ni yule wa njia ya tatu peke yake. Msingi wa wazo hili umo katika kazi aliyoichapisha mhandisi wa Uswisi, Gustav Guanella, mwaka 1944, na mpaka leo njia hiyo inatumika.

Hakikisha unaumwa kweli

Usinunue kitu bado. Fanya vipimo hivi, vyote kwa nguvu ndogo, wati 5 au 10.

Kwanza, angalia SWR, yaani kile kipimo cha nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena, huku ukiishika kebo kwa kiganja juu ya ganda lake, ukitelezesha mkono taratibu. Kwenye kebo yenye nidhamu sindano haitikisiki. Ikipanda na kushuka kwa kufuata mkono wako, ujue uso wa nje unabeba mkondo na mwili wako umeingia kwenye hesabu.

Pili, ongeza kipande cha kebo ya aina ileile, mita moja au mbili, kati ya redio na antena. Kebo ya omu 50 ikirefushwa kidogo haipaswi kubadilisha SWR kwa kiasi cha kukushtua. Ikiruka, maana yake umerefusha antena bila kujua.

Tatu, na hiki watu wanakiruka: ondoa antena, funga mzigo bandia wa omu 50, rusha tena. Televisheni ikiendelea kukoroma, kosa liko chumbani, labda kwenye nyaya za umeme wa redio yenyewe, na choki ya juu ya paa haitakusaidia. Ikinyamaza, antena au kebo yake inahusika, na hapo tunaendelea.

Mdogo wangu wa Morogoro, kwa dalili zako nategemea kipimo cha kwanza kitakujibu. Ila kifanye. Andika namba ulizoziona kwenye daftari, tutazihitaji mwishoni.

Choki ya bomba

Kuna njia mbili za kutengeneza choki: kuizungusha kebo kwenye bomba tupu, au kuizungusha kwenye pete ya feraiti. Tuanze na bomba, kwa sababu vifaa vyake unavipata leo kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Nenda kaombe kipande cha bomba la PVC la maji taka, lile la inchi nne lenye upana wa milimita 110 kwa nje. Urefu wa sentimita 15 unatosha, na mara nyingi fundi bomba ana vipande kama hivyo anavyovitupa. Kebo ni RG-58, ile nyembamba yenye unene wa milimita 5. Ongeza tai za plastiki za kubania, nyeusi na si nyeupe, maana nyeupe jua letu linazikausha mpaka zinakatika zenyewe. Basi.

Kama kebo yako inayopanda kwenye antena ni RG-58 na ina urefu wa kutosha, usiikate. Zungusha mwisho wake wa juu kwenye bomba, halafu uungane na antena. Kila konekta unayoiepuka ni mlango mmoja wa maji uliofungwa.

Sasa mizunguko mingapi? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanataka namba moja ya kutumika kila mahali. Choki ya bomba inafuata masafa. Lengo letu la chini ni omu 1,000 kwenye masafa unayoyatumia. Kwa bomba hili na RG-58 iliyolazwa mzunguko kando ya mzunguko, hesabu inatoa hivi:

Kwa megahazi 7, yaani mita 40, zungusha mara 15. Utatumia kebo ya kama mita 5.4, utapata mikrohenri 23 hivi, ambazo kwenye 7.1 ni omu 1,000 na kitu.

Kwa megahazi 14, yaani mita 20, mizunguko 10 inatosha. Kebo ni mita 3.6, mikrohenri 13 kasoro kidogo, omu kama 1,100.

Kwa megahazi 28, yaani mita 10, mizunguko 6. Kebo ni mita 2.2, mikrohenri 5.7, omu 1,000.

Usiseme "basi nikiweka 15 nitazishinda zote." Mizunguko iliyokaa karibu ina kapasita ndogo kati yake. Masafa yakipanda mno, umeme unaacha kuzunguka na kurukia njia hiyo ya mkato, na choki yako inalegea. Mizunguko 15 ni mizuri kwa mita 40. Kwa mita 10 ni mapambo.

Namna ya kuifunga: toboa matundu mawili karibu na mwisho mmoja wa bomba, yenye upana wa kupitisha kebo, kisha yalainishe kingo kwa msasa. Pitisha kebo kutoka nje kwenda ndani na kurudi nje ili ijishike yenyewe. Zungusha mzunguko wa kwanza, wa pili ulale pembeni yake, hivyo hivyo kwa safu moja mpaka mwisho. Toboa matundu mengine upande wa pili, malizia. Kaza kwa tai nne kuzunguka mduara. Kebo inayotoka kwenye redio iingilie mwisho wa chini, inayokwenda antena itokee mwisho wa juu, na zikae mbali mbali.

Nimeona picha mnazonitumia za kebo iliyokunjwa kunjwa kama kamba ya mbuzi na kufungwa kwa tepu. Wapo wanaoitumia, na kwenye masafa mamoja yenye bahati inaweza kufanya kazi. Lakini mzunguko wa kwanza ukilaliana na wa mwisho, ile kapasita niliyoisema inakuwa kubwa, na umeme unaruka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupita katikati. Safu moja iliyonyooka inakuchukua dakika chache zaidi na unajua umepata nini.

Ukitumia kebo nene ya RG-213, kumbuka mambo mawili. Koili inakuwa ndefu, kwa hiyo nguvu yake inashuka: mizunguko 15 kwenye bomba hilohilo inabaki na omu kama 700 tu kwenye megahazi 7. Pili, uzito. Mita 5.4 za RG-58 ni kama gramu 200. Za RG-213 zinakaribia kilo moja, na kilo hiyo inaning'inia katikati ya daipoli yako siku ya upepo. Kama huna nguzo ya kati ya kuishikilia, usijaribu.

Udhaifu wake nausema wazi

Choki ya bomba inazuia kwa njia ya koili, haina kitu cha kumeza nguvu. Uso wa nje wa kebo yako nao una tabia yake, inayotegemea urefu wake mpaka ardhini. Kuna urefu ambao tabia hiyo inakuwa ya kapasita, na kapasita na koili zikikutana zikiwa na nguvu sawa, zinafutana. Unabaki na choki nzuri machoni isiyozuia chochote, na wakati mwingine mkondo wa nje unaongezeka.

Kwa hiyo ukiifunga na hali ikabaki vilevile, usiitupe bado. Ongeza au punguza kebo kwa mita mbili hivi, upime tena. Ikibadilika sana, ulikuwa umeangukia urefu mbaya. Na kama unataka kuondokana kabisa na mchezo huo, ndipo unapoingia kwenye feraiti.

Choki ya pete

Pete ya feraiti iliyochaguliwa vizuri inafanya kazi kwa ukinzani halisi, si kwa koili peke yake. Ukinzani halisi hauna mpinzani wa kuufuta. Pia inashughulikia masafa mengi kwa pamoja, na ni nyepesi.

Pete wanayoipenda watu wa redio ya ridhaa ina upana wa milimita 61 kwa nje na tundu la milimita 35.5. Jina lake ni FT240, likifuatiwa na namba ya mchanganyiko wa madini. Hiyo namba ya mwisho ndiyo unayoilipia. Kwa masafa ya chini, kama mita 80 na 40, tafuta 31. Ya 43 ni nzuri kuanzia mita 40 kwenda juu. Zungusha RG-58 mara 11 au 12. Inahitaji kama mita moja na robo ikiwa na mikia yake. Kila kebo inapopita tunduni hesabu moja, hata ile ya kwanza ambayo haionekani kama mzunguko.

Usiivute kebo ikabana kwenye kona za pete. Plastiki ya ndani ya RG-58 hulainika kwa joto, na waya wa kati ukivutwa kwenye kona kali unasogea taratibu kuelekea wavu mpaka siku moja unaugusa. Acha kebo ipinde kwa utulivu. Wenye uwezo hutumia RG-316 au RG-400, ambazo plastiki yake ya ndani ni teflon na haiogopi joto.

Tahadhari ya sokoni: kuna pete zinazofanana na feraiti, zimepakwa rangi nyekundu au njano, na zina majina yanayoanza na T, si FT. Hizo ni za unga wa chuma. Ni nzuri kwa kazi nyingine za redio, lakini kwa choki ni dhaifu mno. Muuzaji akikuambia "zote ni moja," mwambie ahsante, ondoka.

Nguvu ya pete inakua kwa mraba wa mizunguko. Mara mbili ya mizunguko ni mara nne ya ukinzani, mpaka ile kapasita ya mizunguko ianze kuingilia. Hii inaeleza jambo linalowachanganya wengi: pete ikipata moto wakati wa kurusha, kwa kawaida dawa si kupunguza mizunguko, ni kuongeza, au kuongeza pete. Choki dhaifu inaruhusu mkondo mwingi upite, na mkondo huo ndio unaoipasha. Choki yenye nguvu inauzuia mkondo, na inabaki baridi.

Njia nyingine ni ya Mmarekani Walter Maxwell, aliyoieleza katika jarida la QST mwaka 1983. Yeye hakuzungusha kitu. Alivisha shanga 50 ndogo za feraiti kwenye kebo nyembamba ya teflon, moja nyuma ya nyingine. Ni safi na imenyooka, ila utahitaji kununua shanga nyingi.

Ikae wapi?

Kwa daipoli, iweke palepale kebo inapoungana na antena. Njia panda iko pale, kwa hiyo mlinzi akae pale. Choki iliyowekwa nyuma ya redio peke yake inaisaidia meza yako, lakini kebo yote kutoka juu mpaka mezani inabaki kuwa antena.

Baada ya hapo, ishushe kebo wima kwa kadiri unavyoweza, ikae pembe mraba na antena. Kebo inayotambaa chini ya mkono mmoja wa daipoli itaokota mkondo upya kutoka hewani, hata kama choki ya juu ni kamili. Mkilazimika kuipitisha hivyo, wekeni choki ya pili kebo inapoingia ndani ya nyumba. Hiyo ya pili pia ndiyo inayozuia kelele za ndani zisitoke kwenda kupanda.

Mliouliza wengine, haraka haraka

*"Dada, choki itashusha SWR yangu?"* Si kazi yake. Choki ya aina hii haibadilishi omu za antena. Inaweza kuibadilisha namba unayoiona, juu au chini, kwa sababu imeitoa kebo kwenye hesabu na sasa unaiona antena yenyewe. Ikipanda, usiilaumu choki. Daipoli yako ndiyo ilikuwa inahitaji kurekebishwa urefu, na kebo ilikuwa inakuficha.

*"Nina koaksi ya dishi, niitumie?"* Ni ya omu 75, na nyingi zina wavu wa alumini usioshika risasi ya kuchomea na plastiki ya ndani yenye povu isiyopenda kukunjwa. Choki itazuia, lakini utakuwa umeingiza kipande cha omu 75 ndani ya njia ya omu 50. Tumia kebo ya aina moja na ile inayopanda.

*"Yale madonge kwenye nyaya za monita za zamani ni feraiti?"* Ndiyo, ila yametengenezwa kwa masafa ya juu kuliko haya yetu, na hujui mchanganyiko wake. Usijenge nayo choki ya antena. Yatumie kwa baba: zungusha nyaya za spika za televisheni humo mara nyingi kadiri tundu linavyoruhusu. Kuna televisheni zinazokoroma kwa sababu nyaya zake zenyewe zinaokota mawimbi halali ya antena yako, na hapo dawa inafungwa kwenye televisheni.

*"Naishi ghorofani, natumia waya mmoja wa nusu wimbi unaolishwa mwishoni."* Wewe subiri. Antena hiyo inahitaji kitu cha kukamilisha upande wa pili, na mara nyingi kitu hicho ni uso wa nje wa kebo yako. Ukiweka choki palepale kwenye transfoma ya kulishia antena bila kuipa waya mwingine wa kusimamia kazi hiyo, unainyima mguu. Acha sehemu ya kebo kama 0.05 ya urefu wa wimbi, yaani mita mbili hivi kwa mita 40, ndipo uweke choki. Au ifunge choki pale kebo inapoingia ndani.

*"Mombasa chumvi inakula kila kitu."* Inakula, na maji ya chumvi yakiingia kwenye wavu yanapanda ndani ya kebo kama mafuta kwenye utambi. Ziba maungio yote kwa tepu ya mpira inayojigandisha, juu yake tepu nyeusi ya umeme. Ukitumia silikoni, iepuke ile yenye harufu kali ya siki, maana asidi yake inaila shaba. Acha kebo ining'inie kidogo chini ya choki kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee pale.

*"Itanikinga na radi?"* Hapana. Wingu likitanda, chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba. Choki haina habari na radi.

*"Leseni lazima?"* Kuuliza tu umeshajibu. Tanzania unakwenda TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC. Kusikiliza na kujifunza kutengeneza anza leo. Kubonyeza kitufe cha kurusha subiri karatasi. Na popote mlipo, antena na kamba zake zikae mbali na nyaya za umeme wa mtaani, umbali ambao hata waya ukikatika hauwezi kuzifikia. Hapo sina mzaha.

Pima tena

Choki iko juu, sasa rudi kwenye daftari. Shika kebo tena, ongeza kile kipande cha kebo tena, kwa wati zilezile. Sindano iliyokuwa inacheza inapaswa kutulia. Kisha zima kila kitu cha umeme unachoweza ndani, washa kimoja kimoja, sikiliza kelele zinapanda kiasi gani. Fanya hivyo ukiwa na namba ulizoziandika kabla, si kwa kumbukumbu, kwa sababu baada ya kupanda paani kila mtu husikia nafuu.

Mwenye kifaa cha kupimia cha NanoVNA, au anayeweza kukiazima, apime choki yenyewe kabla haijapanda. Unganisha wavu wa mwisho mmoja na pini ya kati ya mlango wa kwanza, wavu wa mwisho wa pili na pini ya kati ya mlango wa pili, na ardhi za milango yote miwili ziunganishwe. Nyaya ziwe fupi kabisa. Umeme ukipungua kwa desibeli 20 au 21, una kama omu 1,000. Ukifika desibeli 34, una omu 5,000, na hapo unaweza kutembea kifua mbele.

Wenye antena ya mita 20 mna kipimo kingine cha bure hewani. Kwenye megahazi 14.100 kuna vituo 18 vya duniani vya mradi wa mashirika ya redio ya ridhaa NCDXF na IARU vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu. Kituo cha Kenya, 5Z4B, kimo kwenye orodha. Kila kituo kinatuma jina lake kwa wati 100, kisha milio mirefu minne: wa kwanza wati 100, halafu 10, halafu 1, halafu 0.1. Andika ni mlio wa wati ngapi ulikuwa unausikia kabla ya choki na ni upi unausikia baada yake. Rudia kwa siku kadhaa na kwa saa ileile, maana anga nalo lina siku zake.

Na wewe wa Morogoro, zoezi lako la mwisho lina mtahini mmoja. Mwombe baba akae mbele ya taarifa ya habari, urushe kwa nguvu zako za kawaida. Akinyamaza na kuendelea kutazama, umefaulu. Akigeuka kukuangalia, pitia daftari lako: kama sindano imetulia na televisheni bado inakoroma, kazi iliyobaki ni ya yale madonge kwenye nyaya za spika. Kama namba za kabla na baada zinafanana kabisa na ulishajaribu kubadilisha urefu wa kebo, teremsha choki yako bila aibu. Umefuta sababu moja kwa uhakika, na una bomba na kebo za kuanzia kazi nyingine. Niandikie namba zote mbili, za kabla na za baada. Nikizipata hizo tutaendelea kuongea.